Hatukuachwa Ovyo: Lengo la Maisha Katika Mizani ya Fiqhi na Historia

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (s.w.), Muumba wa mbingu na ardhi, ambaye hakuumba chochote kwa mchezo. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake, sahaba zake na wote wanaomfuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu msomaji, usiku mmoja baada ya swala ya Isha, katika msikiti mmoja hapa Singida, kijana alibaki nyuma watu walipokwisha kutoka. Nilimjua tangu akiwa mtoto wa madrasa. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na matokeo hayakuwa mazuri. Akalima alizeti misimu miwili, mvua ikakatika mapema. Akaendesha bodaboda ya mtu, na mwenye chombo akakichukua chombo chake. Akakaa mbele yangu, akasema: "Sheikh, nina swali, ila naomba usinikasirikie. Mimi naishi kwa ajili ya nini?"

Nikamjibu kama nilivyofundishwa na kama ninavyofundisha. Nikamtajia aya ya 56 ya Suratudh-Dhaariyaat, ambamo Mwenyezi Mungu (s.w.) ametubainishia kwamba hakuwaumba majini na watu ila wapate kumuabudu. Kijana akainamisha kichwa kwa adabu, kisha akasema: "Aya hiyo nimeihifadhi, Sheikh, na wewe ndiye uliyenihifadhisha. Lakini hiyo ni ya watu wote. Mimi nauliza juu yangu mimi. Nikifa kesho, kitapungua nini?"

Maneno hayo yalininyima usingizi. Jibu langu lilikuwa la haki, kwani hakuna lililo la haki kuliko maneno ya Mola wetu. Lakini nililitoa kama mtu afungaye mlango ili akalale, na wala sikumuonyesha kijana yule namna aya ile inavyomhusu yeye aliyekaa mbele yangu. Nadhani maimamu wengi wamekutwa na swali hili, na wengi tumelijibu hivyo hivyo. Makala haya ni jaribio la kulijibu upya kwa kurejea katika fiqhi, kisha katika maisha ya watu wawili: mmoja wa Baghdad na mwingine wa Bagamoyo.

Neno moja katika Suratul-Qiyaamah

Katika aya ya 36 ya Suratul-Qiyaamah, Mwenyezi Mungu (s.w.) anauliza kwa njia ya kukanusha: je, binadamu anadhani kwamba ataachwa "sudaa"? Waarabu walilitumia neno hili kwa ngamia walioachwa wakajirandia bila mchungaji. Sisi watu wa Singida hatuhitaji kamusi kubwa ili tulielewe. Tumekulia miongoni mwa mifugo. Ng'ombe asiye na mchungaji huonekana mchana kuwa ana raha kuliko wenzake, kwa maana hakuna amzuiaye kuingia shamba la mtu, wala amuelekezaye njia. Lakini jua likizama hujulikana tofauti. Ng'ombe wa wengine wanaitwa, wanahesabiwa na kuingizwa zizini. Yeye hakuna amuitaye wala ajuaye kuwa amepungua, na fisi ndiye wa kwanza kumkumbuka.

Imam Shafi'i (r.a.), aliyezaliwa mwaka 150 Hijria (767) na kufariki Misri mwaka 204 (820), alilizungumzia neno hili katika kitabu chake ar-Risaalah. Alieleza kwamba wenye elimu ya Qur'an, kwa kadiri ajuavyo yeye, hawakuhitilafiana kuwa "sudaa" ni yule asiyeamrishwa wala kukatazwa.

Tuzingatie vyema maelezo haya. Imam hakusema kwamba aliyeachwa ovyo ni yule asiye na mali, au aliyefeli mtihani, au asiye na jina katika mji. Amesema ni yule ambaye hakuna amri wala katazo linalomuelekea. Basi kinyume cha maisha yasiyo na maana ni maisha ya mtu anayesemeshwa na Mola wake, akaambiwa fanya hili na acha hili. Kwa lugha ya wanafiqhi jambo hili huitwa taklifu, na mtu mwenyewe huitwa mukallaf.

Kila mwanafunzi wa madrasa amesoma masharti ya taklifu: mtu awe na akili, awe amebaleghe, na ujumbe uwe umemfikia. Twayasoma haya katika kurasa za mwanzo za vitabu vya fiqhi, tunayahifadhi kwa ajili ya mtihani, kisha tunapita. Lakini hebu tuangalie yasiyotajwa humo. Utajiri haukutajwa, nasaba haikutajwa, vyeti vya shule havikutajwa, na wala kuwa muungwana si sharti. Mlango ambao Mwenyezi Mungu amemsemesha mja wake ni mpana kuliko milango yote ambayo wanadamu wamewafungia wenzao.

Tena wanavyuoni wamegawa faradhi sehemu mbili. Iko faradhi kifaya, ambayo wakiitekeleza baadhi ya watu huwaondokea wengine, na iko faradhi ain, inayomlazimu kila mtu kwa nafsi yake. Swala ya Alfajiri ya mtu fulani haiswaliwi na mwenziwe, hata kama mwenziwe ni walii. Hapo ndipo aya ya Suratudh-Dhaariyaat inapokuwa ya mtu mmoja mmoja. Amri imewaelekea watu wote, ndiyo, lakini katika faradhi hizi kila mmoja anaitwa kwa jina lake, na nafasi yake hakuna awezaye kuijaza.

Aliyekuwa na kila kitu

Sasa tumtazame mtu wa kwanza. Abu Haamid al-Ghazali (r.a.) alizaliwa Tus, katika nchi ya Khurasan, mwaka 450 Hijria (1058). Mwaka 484 (1091), akiwa na umri wa miaka thelathini na kitu, waziri Nidhamul-Mulk alimuweka kuwa mwalimu mkuu wa Madrasa ya Nidhamiyya mjini Baghdad. Hapakuwa na cheo cha elimu kikubwa kuliko hicho katika zama zake. Wanafunzi waliomzunguka walihesabiwa kwa mamia, na wakubwa wa dola walimsikiliza.

Katikati ya utukufu huo akajiuliza swali lile lile la kijana wa Singida. Yeye mwenyewe ameyasimulia haya katika kitabu chake al-Munqidh mina-dh-Dhalaal. Aliitazama nia yake katika kusomesha, akaona kuwa haikuwa safi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, bali kilichomsukuma kilikuwa ni kutafuta jaha na sifa kuenea. Kwa muda wa karibu miezi sita, kuanzia Rajab mwaka 488 (Julai 1095), alivutwa huku na huku, siku moja akiazimia kuondoka na siku ya pili akighairi. Mwisho ulimi wake ukafungika. Akisimama kusomesha, neno halitoki. Chakula kikawa hakipiti, na matabibu wakasema maradhi haya yameanzia moyoni. Katika mwezi wa Dhul-Qa'da mwaka huo akaondoka Baghdad, akaelekea Sham, kisha Baytul-Maqdis, kisha Hijaz kwa ajili ya Hija.

Wako watu wanaokisoma kisa hiki wakadhani funzo lake ni kuukimbia ulimwengu. Mwanafiqhi husoma zaidi ya hapo, naye atayaona mambo matatu.

La kwanza, kabla ya kuondoka aliitawanya mali yake, lakini aliacha kiasi cha kuwatosha watoto wake. Nafaka ya watoto ni haki iliyo juu ya shingo ya baba, na kuutafuta ukweli hakumuondolei mtu haki ya mwenziwe.

La pili, alirudi. Baada ya kiasi cha miaka kumi na moja, mwaka 499 (1106), alikubali kusomesha tena mjini Nishapur. Alirejea katika kazi ile ile aliyoiacha. Mwenyewe alieleza kwamba kwa nje ilionekana amerudi alikotoka, lakini zamani alikuwa akisomesha elimu ya kutafutia jaha, na sasa anawaita watu kwenye elimu ambayo kwayo jaha huachwa. Kilichokuwa kimebadilika ni nia.

La tatu, mwaka 503 (1109), miaka miwili kabla ya kufariki, alikamilisha kitabu al-Mustasfaa katika elimu ya usuul. Humo alipanga makusudio matano ambayo sheria imekuja kuyahifadhi: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Wanavyuoni waliomfuata mpaka leo wanajenga juu ya msingi huo. Mtu aliyewahi kuikosa maana ya kusomesha kwake ndiye aliyetubainishia kuwa kila hukumu ya sheria ina kusudio.

Huenda kijana akasema: Sheikh, huyo alikuwa Imam mkubwa, alikuwa na cha kuacha. Mimi sina hata hicho. Maneno hayo yana uzito. Basi tumtazame mtu wa pili.

Aliyenyang'anywa kila kitu

Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ilianzia Bagamoyo, ikapita Ugogo, Unyanyembe na Ujiji, kisha ikavuka ziwa Tanganyika mpaka Manyema, katika nchi ambayo leo ni mashariki ya Kongo. Kati ya Ugogo na Unyamwezi palikuwa na pori la siku nyingi lisilokuwa na maji ya kutosha, ambalo wasafiri waliliita Mgunda Mkali. Sehemu ya pori hilo leo imo katika mkoa wetu wa Singida, pande za Manyoni na Itigi. Anayesafiri kwa treni au kwa basi siku hizi hulivuka kwa saa chache, labda huku amelala. Watu wa misafara walilivuka kwa miguu, na wengi wao walikuwa mateka waliofungwa.

Katika zama hizo alichukuliwa mtoto mmoja kutoka Manyema akafikishwa Bagamoyo akiwa mtumwa. Aliingia katika nyumba ya tajiri mmoja wa mji, Amir bin Sulaiman al-Lamki. Watu walimjua kwa jina la Ramiya. Fikiri, ndugu msomaji, mtoto huyo alikuwa amebakiwa na nini. Hakuwa na mama, ukoo, lugha ya kwao wala njia ya kurudi. Hata jina la baba yake halikubaki, kwani alipokuja kuitwa kwa nasaba aliitwa Yahya bin Abdallah, mwana wa mja wa Mungu, kama walivyoitwa wengi ambao nasaba zao zilipotea njiani. Watu husema jina la Bagamoyo lina asili ya kubwaga moyo. Wapagazi waliubwaga kwa faraja ya kufika, na mateka kwa kukata tamaa. Kama yupo aliyekuwa na haki ya kuuliza anaishi kwa ajili ya nini, ni mtoto yule.

Hapa lazima tuseme ukweli bila kuuzungusha. Biashara ile ilikuwa dhulma, na waliokuwa na majina ya Kiislamu walishiriki ndani yake. Wanafiqhi wamekubaliana kwamba asili ya mwanadamu ni uhuru. Katika hadithi qudsi aliyoipokea Imam Bukhari, mtu anayemuuza muungwana na kula thamani yake ni miongoni mwa watatu ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa mdai wao Siku ya Kiyama. Wala asiseme mtu kuwa dhulma ile ilikuwa njema kwa sababu kheri ilitoka ndani yake. Nabii Yusuf (a.s.) aliuzwa kwa thamani duni, naye Mwenyezi Mungu akamfikisha pakubwa, lakini hatukusikia ndugu zake wakisifiwa kwa kumtupa kisimani.

Ramiya alisoma. Alikaa mbele ya masheikh wa mji, akaushika Uislamu kwa elimu, akaachwa huru, kisha yeye mwenyewe akawa mwalimu. Akaingia katika tariqa ya Qadiriyya, ambayo kuenea kwake katika Zanzibar na pwani kunahusiana sana na juhudi za Sheikh Uways bin Muhammad al-Barawi (1847 hadi 1909), na akawa khalifa wa tariqa hiyo pale Bagamoyo. Mwaka 1916, Waingereza walipoutwaa mji kutoka kwa Wajerumani, yeye ndiye aliyefanywa liwali wa Bagamoyo. Sheria ya kufuta utumwa katika Tanganyika ilikuja mwaka 1922. Maana yake ni kwamba mtu aliyeingia mjini akiwa mtumwa aliuhukumu mji huo miaka sita kabla ya utumwa wenyewe kufutwa kisheria. Alifariki mwaka 1931, na mwanawe Sheikh Muhammad Ramiya akashika nafasi yake. Ziara ya Bagamoyo ikaendelea kuwakusanya watu kutoka mikoa mingi ya nchi yetu.

Lakini nisingependa kijana akisome kisa hiki kwa ajili ya uliwali. Vyeo hutolewa na kuchukuliwa. Nataka tukitazame kile kilichokuwa mkononi mwake kabla ya cheo, kabla ya elimu, na hata kabla ya uhuru.

Mtumwa katika vitabu vya fiqhi

Tukifungua vitabu vya madhehebu yetu ya Shafi'i tutakuta kwamba mtumwa alipunguziwa mambo. Hija haikumlazimu. Swala ya Ijumaa haikumlazimu. Zaka haikumuwajibikia kwa kuwa hana milki. Haya yote yanahitaji mali au wakati, na vyote viwili vilikuwa mikononi mwa mwingine.

Lakini swala tano zilimlazimu kama zilivyomlazimu bwana wake. Funga ya Ramadhani ilimlazimu. Haramu iliyo haramu kwa sultani ilikuwa haramu kwake. Alipoitwa kwenye swala, aliitwa yeye, si bwana wake kwa niaba yake. Mtume (s.a.w.) ameeleza kuwa mtumwa anayetekeleza haki ya Mola wake na haki ya bwana wake ana ujira mara mbili. Na Muhajirina wa mwanzo walipofika pande za Quba kabla ya kuwasili Mtume (s.a.w.), aliyewaswalisha alikuwa ni Saalim mawla wa Abu Hudhayfa (r.a.), mtu aliyewahi kuwa mtumwa, kwa sababu alikuwa amehifadhi Qur'an zaidi yao.

Tafakari jambo hili. Soko lilimwita mtumwa bidhaa na likampa bei, ilhali Sharia ilimwita mukallaf. Katika mji mzima huenda sauti ya adhana ndiyo pekee iliyomwita kama mtu mwenye nafsi itakayoulizwa. Hatusomi yaliyo ndani ya moyo wa mtu, bali tunasoma matendo yake, na matendo ya Sheikh Ramiya yanatuonyesha mtu aliyeitika wito huo kuanzia pale alipokuwa. Hakungoja arudishiwe ukoo wake ndipo aanze kuishi. Alianza na faradhi iliyokuwa mbele yake, ikamfikisha kwenye elimu, na elimu ikamfikisha kwa watu.

Hapo ndipo watu wetu wawili wanapokutana. Ghazali alikuwa na kila kitu, akagundua kuwa kila kitu hakimpi maana ikiwa nia imeharibika. Ramiya alinyang'anywa kila kitu, na ikadhihirika kuwa kunyang'anywa hakuondoi maana maadamu mtu bado anasemeshwa na Mola wake. Basi lengo la maisha halimo katika hali ya mtu. Limo katika kuitika wajibu ulio mbele yake, kwa nia iliyo safi, katika hali yoyote aliyomo.

Shubuha mbili na majibu yake

Wako wanaosema: kuamrishwa na kukatazwa ni minyororo, na maana ya maisha ni kufanya ninalotaka. Jibu ni kwamba kila mtu ana anayemuamrisha. Asiyeitika amri ya Mola wake huitika amri ya soko, ya marafiki, ya simu iliyo mkononi mwake au ya matamanio yake, na hao wote huamrisha bila huruma wala malipo. Tumerudi kwa ng'ombe wetu: asiye na mchungaji hakosi wa kumfukuza huku na huko.

Wengine husema: ikiwa lengo ni ibada, basi shughuli zangu za shamba, za soko na za nyumbani ni wakati uliopotea. Hili ni kosa katika kuifahamu ibada, na baadhi ya sisi wahubiri tumelieneza. Hadithi ya mwanzo katika Arubaini ya Imam Nawawi inatufundisha kuwa amali huzingatiwa kwa nia. Wanafiqhi wakatoa humo kanuni kwamba jambo la mubaha hugeuka kuwa la thawabu kwa nia njema. Anayelima vitunguu ili alishe wazazi wake yumo katika ibada. Anayefuga kuku ili asiombe watu yumo katika ibada. Katika hadithi aliyoipokea Imam Ahmad, Mtume (s.a.w.) ameelekeza kwamba hata Kiyama kikisimama na mtu ana mche mkononi, basi kama anaweza kuupanda na aupande. Mche huo hautazaa wala hautauzwa. Amri ni kuupanda, na kuitika amri ndiyo maana yenyewe.

Hapa tuikumbuke tena faradhi kifaya. Imam Ghazali katika Ihyaa, kwenye kitabu cha elimu, aliwalaumu wanafunzi wa zama zake waliosongamana katika fiqhi ya mabishano, ilhali miji mingi ya Waislamu haikuwa na tabibu Muislamu. Aliona kuwa faradhi zilizoachwa ndizo zinazomngoja mtu. Kijana asiyejua ashike nini na atazame mtaani kwake ni lipi limeachwa. Wako wazee wasio na wa kuwasomea barua na kuwapeleka hospitali. Wako watoto wa madrasa walio wengi kuliko mwalimu. Liko kaburi lisilopata wachimbaji.

Nasaha kwa vijana na kwa maimamu

Ewe kijana, ukijiwa na swali hili, usilionee haya. Qur'an yenyewe imeliuliza katika Suratul-Mu'minuun, aya ya 115, pale Mwenyezi Mungu anapotuhoji kama tulidhani tumeumbwa bure. Anza na swala, hata kama moyo ni mzito, kwani mja huitika kwa kiungo kabla ya kuitika kwa hisia. Kisha tengeneza nia katika kazi uliyonayo kabla ya kutafuta nyingine. Kisha utafute wajibu mmoja wa watu ambao usipoufanya wewe hautafanywa.

Ikiwa huzuni imekuzidi mpaka ukayatamani mauti, jua kwamba Mtume (s.a.w.) ametukataza kuyatamani kwa sababu ya dhara iliyotupata, na akatufundisha badala yake tumuombe Mwenyezi Mungu atuhuishe maadamu uhai ni kheri kwetu. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 29, tumekatazwa kuziua nafsi zetu, na papo hapo tukakumbushwa kwamba Yeye ni mwenye kuturehemu. Nafsi yako ni amana, nayo ni miongoni mwa yale matano. Mwambie mtu, usikae nalo peke yako.

Nanyi maimamu wenzangu, tusiwe wepesi wa kusema kwamba huyu ana upungufu wa imani. Ghazali alishindwa kula na kusema, nasi hatumwiti mtu mwenye upungufu wa imani. Huzuni nyingine ni maradhi, na kutafuta dawa ni katika mafundisho ya Mtume wetu (s.a.w.). Akikujia mtu anayezungumzia kujidhuru, usimkemee wala usimuache aende peke yake usiku ule. Kaa naye, wajulishe wa kwao, na mfuatane hospitali. Dua na tabibu havigombani. Na tukiisoma aya ya lengo la kuumbwa, tusiishie hapo. Tumuonyeshe aliye mbele yetu ni amri ipi inayomngoja yeye kesho asubuhi.

Mwisho wa habari ya kijana

Siku chache baada ya usiku ule nilimtafuta kijana wangu, nikamsimulia habari za watu hawa wawili. Alisikiliza, hakusema sana. Nikamuomba awe anakuja baada ya Alasiri kuwasomesha watoto wadogo alifu na be, kwa kuwa mwalimu alikuwa mmoja na watoto walimzidi. Sikumuahidi malipo, maana hayakuwepo.

Akawa anakuja. Shamba bado ni la kubahatisha mvua, na kazi ya kudumu hajapata. Sitaki nimdanganye msomaji kwamba mambo yake yote yamenyooka. Lakini msimu uliofuata alishikwa na homa, akakosa siku tatu. Siku ya tatu watoto sita walikuja mlangoni kwangu na vitabu vyao mikononi, wakauliza mwalimu wao yuko wapi, na mmoja wao akasema hawezi kuendelea na mwingine kwa sababu yule ndiye ajuaye amefikia wapi.

Jioni ile nilikwenda kumjulia hali, nikamweleza walivyosema. Alinyamaza muda mrefu, akautazama ukuta. Nami sikuongeza neno.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (s.w.) asitujaalie kuwa miongoni mwa walioachwa ovyo, asafishe nia zetu, awaponye wenye mioyo mizito miongoni mwa vijana wetu, na awarehemu walionyang'anywa majina yao njiani, ambao Yeye hakuyasahau. Aamin.

Wallaahu a'lam.